Mtu Asiyeshika Ufunguo

Kwa miaka yote niliyomjua, Ustaz, mwalimu wetu, hakuwahi kushika ufunguo wa kabati la dawa. Kabati lilikuwa la wodi yake na kila chupa iliyoingia humo iliingia kwa amri yake, lakini ufunguo ulikaa shingoni mwetu sisi wanafunzi, kwa zamu, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Ukimnyooshea, alirudi nyuma kana kwamba umemwonyesha nyoka. Wauguzi wapya walidhani ni maringo ya wakubwa. Sisi tulijua sababu, kwa kuwa alitueleza siku ya kwanza, kabla hata ya kutuuliza majina.

"Nilikuwa daktari wa upasuaji," alisema, "na nilikuwa najidunga pethidini, ile dawa kali ya maumivu. Niliacha. Siku nitakapowaomba ufunguo, mkatae. Hilo ndilo somo la kwanza, na asiyelifaulu hana la pili."

Tulikuwa wawili, Lado na mimi, niliyeitwa wodini daktora, yaani daktari wa kike. Lado alikulia Nakuru, mimi nilikulia kambini Uganda na kusomea udaktari Kampala, na sote tulirudi Juba tukiwa na ndoto ya kuwa mabingwa wa kitu cha heshima, kama moyo au macho. Badala yake tukapangiwa tiba ya uraibu, wodi ya nyuma kabisa, jirani na tangi la maji. Madaktari wenzetu wakatupa jina siku ile ile: madaktari wa walevi. Shangazi yangu wa mtaa wa Hai Cinema, niliyekuwa nikiishi kwake, aliomba nisiwatajie majirani.

Darasa letu lilikuwa la Kiswahili. Kiarabu cha Juba kila mgonjwa alikielewa, na Kiingereza, Ustaz alisema, kinamfanya daktari ajisikie mrefu. Kwa hiyo tulijadili mambo ya wagonjwa kwa Kiswahili mbele ya vitanda vyao, tukiamini ni siri. Tulifanya hivyo muda mrefu mpaka siku moja mgonjwa mmoja, Taban, dereva wa lori aliyekuwa akibeba saruji kutoka Uganda, alifungua jicho moja na kumrekebisha Lado. "Daktari, wewe nadanganya mwalimu. Mimi hapana kunywa siko tangu asubuhi. Mimi nakunywa tangu jana." Siko ni pombe kali ya kienyeji, na Taban aliijua kwa undani kuliko alivyomjua mke wake. Ustaz alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo Taban akawa mgeni rasmi wa darasa letu, kila aliporudi wodini, na alirudi mara nyingi.

Njia ya kufundisha ya Ustaz ilikuwa ya makatazo. Alitukataza kumuuliza mgonjwa "kwa nini". Alisema ukiuliza kwa nini utapewa hadithi, na mlevi ana hadithi nzuri kuliko redio. "Uliza mkono," alisema. "Asubuhi ulipoamka, mkono wako ulikwenda wapi kwanza?" Mwanzoni niliona ni swali la kipuuzi. Kisha nikamsikia mama mmoja, muuza mboga wa soko la Jebel, akijibu kwamba mkono wake ulikwenda kwenye chupa kabla ya kwenda kwa mtoto aliyelala pembeni yake, na akajisikia mwenyewe akilisema, akafunika uso. Hakuna hotuba ambayo ingemfikisha pale.

Alitukataza pia neno "acha". Hakuna mtu aliyewahi kuacha kwa kuambiwa acha, alisema. Huko ni kumwambia aliyetumbukia kisimani kwamba kisima si pahala pazuri. Wagonjwa wakija wakitetemeka na kudai tone moja tu, wakisema dawa ya moto ni moto, hakubishana nao. Aliwapa dawa ya kutuliza mitetemeko, akakaa kitandani kwao, akawaeleza saa kwa saa mwili utafanya nini. Kesho jasho. Kesho kutwa utaona wadudu ukutani, na hawatakuwepo, lakini utawaona, na mimi nitakuwa hapa nikisema hawapo. Alikuwa akijua njia ile kama dereva anavyojua mashimo ya barabara.

Nisimpambe sana. Mtu huyo aliyewavumilia watu wakimtapikia miguuni hakuweza kuvumilia kalamu isiyoandika; aliitupa dirishani kwa matusi. Alituhubiria kwamba aibu haitibu, kisha akatuaibisha mbele ya wauguzi kwa kosa dogo mpaka masikio yakawaka moto. Alikunywa karkade, ile chai nyekundu ya maua, ya moto bila sukari kutwa nzima, na ukichelewa kuileta, mikono yake ilianza kutafutatafuta mezani. Lado alimwambia siku moja, "Lakini Ustaz, hiyo karkade nayo si ni uraibu?" Ustaz akasema ndiyo, na tena mbaya, sasa ilete.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa la mlango. Wodi za namna ile kwingineko hufungwa kwa kufuli, na ndugu wa wagonjwa walitusihi tufunge. Ustaz alikataa katakata. Mlango wa wodi ya walevi ulikuwa wazi mchana kutwa, na mgonjwa aliyetaka kwenda alikwenda. Wengine walikwenda kweli, wakarudi wamebebwa. Alisema mtu aliyefungwa hajifunzi ila kusubiri kufunguliwa. Maneno mazuri. Lakini yeye mwenyewe, mhubiri wa milango wazi, hakutoka nje ya geti la hospitali. Alilala katika chumba kidogo nyuma ya wodi. Alipolazimika kwenda mjini alimtaka mmoja wetu afuatane naye, na njiani alituambia tupite mbali na maduka ya dawa.

Mke wake alikuwa kwao Nakuru, Kenya. Alimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada, na sauti yake ilibadilika, ikawa laini, ya mtu mwingine kabisa. Nilimuuliza mbona hamfuati. Tulikuwa tumekaa barazani, joto limelala juu ya mabati, na alijibu bila kunitazama. "Kenya kuna duka la dawa kila kona, na nusu ya wenye maduka ni wanafunzi wangu. Nilikuja Juba kwa sababu hapa hakuna kitu. Juba ndiyo wodi yangu mimi."

Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia. Sisi tulirudi Juba kwa kuipenda, au kwa kulazimika kuipenda. Yeye aliichagua kwa uhaba wake. Alikuwa amejifungia nchini mwetu kama mtu ajifungiaye stoo.

Kisha vita ikaanza, na stoo ikafungwa kwetu sote. Ndege zilikuja zikijisikia. Barabara ya Nimule, ya kwenda Uganda, ilikuwa ya misafara yenye wanajeshi, na malori yalilala Nesitu yakisubiri habari za mbele, na habari zilikuwa mbaya. Mtihani wetu wa ubingwa ulihitaji watahini kutoka Kampala. Kila walipopanga kuja, risasi zililia mahali fulani, wakaahirisha. Lado alizoea kusimama getini akiangalia ndege zikipaa. "Tumebambwa, manze," aliniambia, yaani tumenaswa. Tulikuwa madaktari nusu, katika mji usio na mlango, tukiwafundisha watu namna ya kutoka.

Na hapo ndipo vita ilipomchezea Ustaz mchezo mbaya kuliko wote. Alikuja Juba kwa kuwa hapakuwa na kitu, na vita ikaleta kila kitu. Majeruhi walikuja, na nyuma ya majeruhi yakaja maboksi ya misaada: mofini, pethidini, dawa za usingizi, vichupa vimepangwa vizuri kama mayai. Hospitali nzima ilikuwa na kabati moja tu lenye kufuli la kuaminika. Lilikuwa letu.

Aliomba ufunguo kwa mara ya kwanza wiki chache baada ya hapo. Zamu ilikuwa ya Lado. Ustaz alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Nipe ufunguo," na Lado akauvua shingoni na kumkabidhi kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Tusimcheke. Sote tulilelewa hivyo. Mzee akiomba kitu, unatoa kwanza na kufikiri baadaye. Ustaz aliushika ufunguo ule kiganjani, akautazama. Nilikuwepo, na niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Kisha akautupa chini sakafuni na kutoka nje. Alipokuja kusema na Lado, ilikuwa kesho yake.

"Umeniheshimu," alimwambia, "mpaka ukakaribia kuniua."

Lado alilia. Mimi nilijifunza hapo kwamba ule msemo wa heshima si utumwa tunausema tu. Kuutenda mbele ya mvi ni kazi ya kutoa roho.

Zamu yangu ilikuja. Alinijia alasiri, wodi imetulia, nikiwa nasafisha kidonda. Aliomba kwa upole. Nikamuuliza ni kwa mgonjwa gani. Akasema yeye ni mwalimu wangu. Nikasema ndiyo, Ustaz, lakini ufunguo sitoi. Akaanza kunitukana. Aliniita mtoto wa kambi, aliyelishwa maharage ya msaada, asiyejua shukrani. Maneno yale yaliingia mahali yalipokusudiwa. Nilishika kamba ya kiatu kwa mikono yote miwili na kutazama chini. Mwishowe alikwenda zake. Jioni mwuguzi aliniletea kikombe cha karkade, akasema, "Ustaz anasema umefaulu."

Nilimfuata nikamuuliza kama ulikuwa mtihani, au alikuwa anaomba kweli.

"Sijui," alisema. "Ningejua, nisingewahitaji ninyi."

Watu walipenda kumsema kwa methali, mganga hajigangi. Walidhani wanamsuta. Yeye aliichukua ikawa kanuni ya kazi: hajigangi, kwa hiyo atafute wa kumganga, na kama hawapo awafundishe. Nadhani ndiyo maana alikubali kuanzisha mafunzo yale katika mji ambao hata bandeji zilikuwa za kubahatisha. Nchi ilihitaji madaktari wa uraibu, hilo kweli. Lakini alituhitaji yeye kwanza.

Mapigano yaliporudi mjini kwenyewe, ilikuwa zamu yangu, na sikuwa hospitali. Nilikuwa Hai Cinema kwa shangazi, nimekwenda kubadili nguo. Milio ilianzia upande wa Jebel, ikasambaa, na kabla ya chai kuiva hapakuwa na mtu barabarani. Tukalala sakafuni, magodoro yameegeshwa madirishani. Lado alikuwa amekwama safarini, Nesitu, na madereva wa malori. Na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Simu ililia. Nilimsikia Ustaz, na nyuma yake watu wanalia.

"Daktora, uko hai?"

"Nipo, Ustaz."

"Ufunguo?"

"Ninao hapa."

"Basi usikate simu. Majeruhi wamejaa mpaka barazani. Navunja kabati, na nataka wewe usikie."

Nikasikia chuma kikigonga chuma, tena na tena, na sauti yake ikihema. Nikasikia mlango wa bati ukilia na kuachia. Kisha mtandao ukakatika.

Siku zilizofuata shangazi alisali kwa ajili ya risasi zisiingie ndani. Mimi, Mungu anisamehe, nilisali kwa ajili ya kabati. Nilijua kila kichupa kilikokaa na nilijua ukubwa wa mkono wake. Nilimwona akilini amesimama mbele ya mlango uliovunjika, amechoka, hajalala, vilio pande zote, na hakuna mwanafunzi wa kumkatalia. Shangazi aliniuliza mbona nashika shingo kama ninayekabwa. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa na ufunguo usiofungua kitu, na kwamba nimefungiwa nao. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyojua.

Mji ulipopumua kidogo nilikwenda kwa miguu, nikipita ukutani ukutani. Chumba cha dawa kilikuwa kitupu, na kabati halipo. Nikaenda wodini kwetu, na mlango, kama kawaida, ulikuwa wazi.

Kabati lilikuwa katikati ya vitanda vya walevi, mlango wake unaning'inia. Taban alikuwa ameliegemea, mchi wa kutwangia magotini. Wenzake walikaa kulizunguka, wengine bado wakitetemeka kwa kukosa pombe, wote wakitazamana.

"Daktora," Taban alisema, "sisi iko kazi."

Alinieleza. Ustaz alipokwisha kuvunja kabati alichukua vya kuwahudumia waliokuwa wakilia pale pale, akampa mwuguzi adunge. Kisha akawaita walevi walioweza kusimama wabebe kabati mpaka wodini. Akawaambia hawa ndio walinzi wake. Dawa itolewe na mwuguzi, mbele ya macho yao wote, na yeye Ustaz asivuke kizingiti. Kuanzia hapo alisimama nje ya mlango, akitaja kwa sauti kipimo cha kila majeruhi, na dawa ikatolewa nje ikimpita kifuani.

Nilisema huo ni wazimu, kuweka kabati la dawa za usingizi mikononi mwa watu wale. Taban akatikisa kichwa. "Ustaz anasema mwizi moja naiba. Wezi wengi wakiangaliana, hakuna naiba. Sisi nalinda yeye, yeye nalinda sisi."

Nikamuuliza lile lililonikaba siku zote zile. Je, Ustaz aliomba?

Taban aliuhamisha mchi goti la pili. Kisha akasema neno la wodi hubaki wodini, kalas, limekwisha. Hajanieleza mpaka leo, na nimeacha kumuuliza.

Ustaz nilimkuta ameketi barazani, ndevu zimeota, macho mekundu. Hakusema pole wala karibu. Aliniambia ufunguo ule sasa niutupe, kitasa kimekufa. Sikuutupa.

Lado na mimi tulifanya mtihani wetu baadaye sana, Kampala, njia ilipofunguka. Watahini walituuliza mengi ya vitabuni na tukajibu. Hakuna aliyetuuliza la ufunguo. Lado alibaki ng'ambo, ana wodi yake nzuri huko, na simlaumu. Mimi nilirudi. Walevi wa Juba hawakupungua kwa kuwa vita imetulia, waliongezeka. Ustaz alikuwa bado katika chumba chake nyuma ya wodi, karkade mezani.

Ugonjwa ulimwanzia mgongoni. Ulipojulikana ni saratani, ilikuwa imeshaingia mifupani. Alijua kabla yetu. Nilimletea mofini ya maji, ile ya kunywa kwa kijiko, na akageuza uso ukutani. Nikamwachia siku moja, mbili, nikidhani maumivu yatamshawishi. Hayakumshawishi. Aling'ata shuka. Muuza mboga wa Jebel, ambaye sasa anauza chai getini, alikuja kumwona, akatoka analia.

Nilikwenda kwake asubuhi moja na chupa mfukoni, nikavuta kigoda. Taban alikuwa pale pembeni akimpepea. Alikuwa ameacha pombe, ingawa Ustaz alitukataza kusema hivyo. Tulitakiwa kusema leo hajanywa.

"Ustaz," nilisema, "hii ni dawa yako."

"Niliapa."

"Uliapa ukiwa mzima."

"Nikionja, nitakufa mlevi, daktora. Miaka yote hii. Mke wangu kule. Wote hawa." Alipumua kwanza ndipo akaendelea. "Ulipewa somo moja. Nikiomba, ukatae."

Nililia, na sikujificha. Nilikuwa nimeona watu wengi wamefungwa na chupa, lakini sikuwahi kumwona aliyefungwa hivi na kukataa kwake mwenyewe. Mlango ule ulikuwa wazi na hakuweza kutoka. Nikapiga magoti kando ya kitanda, kama tulivyolelewa.

"Hukuomba, Ustaz," nilimwambia. "Mimi ndiye ninayekuomba."

Mkono wake ulitafutatafuta juu ya shuka. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Chupa itashikwa na nani?"

"Taban."

Akamgeukia Taban, akamtazama kama alivyokuwa akitutazama sisi siku ya kwanza. Taban aliacha kupepea, akafuta mikono kwenye suruali, akapokea chupa. Alivuta shingoni kwake ile kamba ya kiatu ya ule ufunguo wa zamani, niliyokuwa nimempa, akaifunga kwenye shingo ya chupa, akajivika. Ustaz akafumba macho, akafungua kinywa. Baada ya kitambo vidole vyake viliachia shuka. Nilikuwa sijawahi kumwona amelala.

Kesho yake nikiwa njiani kwenda kazini, Taban alinipigia simu.

"Daktora, Ustaz naomba dawa mbele ya saa."

"Ukampa?"

"Mimi naulizia yeye, iko uma? Kama iko uma, mimi natoa sasa hivi, wewe ulisema hivyo. Yeye naangalia mimi. Anasema, hapana, haiumi. Mimi nataka tu." Taban alikohoa. "Basi nimekataa. Yeye nacheka. Anasema piga simu kwa daktora, ambia yeye Taban amefaulu."

Nilisimama pale kando ya barabara, bodaboda zikinipigia honi. Haiumi, nataka tu. Katika miaka yote ya kuuliza mikono ya watu ilikwenda wapi, sikuwa nimesikia jibu lililonyooka kama lile. Nikamwambia Taban ampelekee Ustaz kikombe cha karkade kutoka kwangu, na aseme ni ya wote wawili, kwa kuwa wote wamefaulu.